Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya mawasiliano: mnaposaini mikataba, mkumbukeni mwenye kitochi

Kwa Waziri wa Mawasiliano na Teknolojia ya Habari. Kwa wakuu wa TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini, wa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote na wa Mamlaka ya Serikali Mtandao. Na kwa mabalozi na wawakilishi wa mashirika ya kimataifa mlio hapa Dar es Salaam.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Nina ombi moja. Kila mkataba wa kimataifa wa teknolojia mtakaousaini kuanzia sasa, uwe wa mkopo, wa msaada au wa kubadilishana utaalamu, uwe na kipengele kinachosema hivi: mradi hautahesabiwa kuwa umekamilika mpaka mwananchi mwenye simu ya kitochi na asiyejua Kiingereza, pamoja na mwananchi asiyeona, wawe wameweza kuitumia huduma hiyo wenyewe, bila kumlipa mtu awasaidie. Mengine yote nitakayoyaandika ni maelezo ya kwa nini naomba hivyo.

Naendesha steshenari Mbagala. Zamani kazi yetu ilikuwa kutoa kopi, kulaminisha vyeti na kuuza madaftari. Siku hizi kopi ni kazi ya pembeni. Kinachowaleta watu ni fomu za mtandaoni: maombi ya mkopo wa elimu ya juu, cheti cha kuzaliwa, TIN, leseni ya biashara, pasipoti, maombi ya ajira, udahili wa vyuo. Serikali imehamia mtandaoni, na mimi nauunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote. Nayakumbuka masuala ya zamani: foleni ya kutwa nzima, njoo kesho, faili halionekani. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayetamani turudi huko. Ila serikali ilipohamia mtandaoni, wananchi wengi wa huku kwetu hawakuhama nayo. Walihamia steshenari.

Naomba mtazame kwa karibu jinsi mambo yanavyokwenda msimu wa maombi ya mikopo. Mama anaingia na binti yake aliyemaliza kidato cha sita. Binti amefaulu, ana vyeti kwenye bahasha ya kaki, na simu waliyo nayo ni kitochi kimoja cha nyumba nzima. Mfumo unadai barua pepe, hana, tunamfungulia. Unadai neno la siri lenye herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na alama. Binti anatuangalia, nyuma yake wamesimama watu wanane, mwishowe mhudumu analichagua yeye. Kisha zinatumwa namba za uthibitisho. Zinaingia kwenye simu ya nani? Ya mama imezima chaji. Basi inaandikwa namba ya mjomba, au ya jirani, na maduka mengine huweka namba ya mhudumu wao ili kazi iende. Zinafuata kurasa za kuchapwa, kupelekwa kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kwa mdhamini zikasainiwe, kurudishwa, kuskaniwa na kupandishwa upya. Mwenyekiti akiwa msibani, kazi inalala.

Kazi ikiisha, neno la siri linaandikwa wapi? Kwenye daftari la duka, kwa sababu mteja mwenyewe anaomba atunziwe. Madaftari ya namna hiyo yamejaa Dar nzima, kuanzia Mbagala hadi Bunju. Ndani yake mna majina kamili, namba za NIDA, barua pepe na maneno ya siri ya watu ambao hawamjui aliyewaandikia. Dukani kwangu tunamtaka mteja aondoke na karatasi yake. Wengi wanarudi baadaye wameipoteza, akaunti imefungwa, na namba ya simu iliyosajiliwa ni ya mtu aliyekwisha kuhama mtaa. Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na tume ya kuisimamia ipo. Sheria hiyo naipenda. Lakini haiwezi kumlinda mtu ambaye njia pekee ya kuifikia huduma ni kumkabidhi mgeni siri zake zote.

Hapo ndipo ulipo moyo wa barua hii. Nyie mnapopima mafanikio, mnahesabu maombi yaliyopokelewa kwenye mfumo. Binti yule amehesabiwa: maombi yake yamepokelewa kidijitali. Mbele ya takwimu zenu yeye na mtoto wa Masaki aliyejaza kwenye kompyuta ya baba yake ni sawasawa. Kilichotokea dukani hakionekani popote.

Kuna kijana mteja wetu, haoni tangu utotoni. Ana simu janja inayomsomea kila kinachotokea kwenye kioo, na anaitumia kwa kasi ambayo wengi wenye macho hatuna. Hahitaji kuonewa huruma na mtu. Siku moja alikuja akiwa ameshajaza fomu yake yote nyumbani, amefika ukurasa wa mwisho, amekwama kwenye zile herufi zilizopindapinda ambazo mtu anatakiwa azisome kwenye picha athibitishe kuwa yeye si roboti. Hapakuwa na njia ya kuzisikiliza. Simu yake ilikuwa inatamka neno moja tu: picha. Na alipokuwa akitafuta kitufe cha kutuma, kila alipogusa ilimwambia kitufe, kitufe, kitufe, kwa kuwa aliyeujenga mfumo hakukipa hata kimoja jina. Dosari hizo mbili mtengenezaji wa tovuti anazirekebisha kwa muda mfupi sana. Miongozo ya kimataifa ya kuzuia makosa ya aina hiyo ipo, W3C, shirika la kimataifa linaloweka viwango vya tovuti, limekuwa likiitoa na kuiboresha kwa miaka mingi, na inapatikana bure. Kinachokosekana ni mtu wa kuidai kabla ya malipo kufanyika.

Kwenye menyu za simu, zile za kubonyeza nyota na reli, hali ni hiyo hiyo. Simu ikimsomea chaguo la kwanza mpaka la tisa, muda umekwisha, menyu imekatika, anaanza upya.

Waheshimiwa, kipengele ninachokiomba si jambo jipya. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata tukatunga sheria yetu wenyewe ya watu wenye ulemavu. Ibara ya 9 ya mkataba ule inazitaka nchi zihakikishe watu wenye ulemavu wanaifikia teknolojia ya habari na mawasiliano sawa na wengine. Ibara ya 32 inazungumzia ushirikiano wa kimataifa wenyewe: inataka programu za maendeleo za kimataifa ziwajumuishe watu wenye ulemavu na ziweze kufikiwa nao. Kwa hiyo mabalozi mnaosoma barua hii, ambao karibu nchi zenu zote zimeuridhia mkataba huo, jambo hili linawabana ninyi kama linavyoibana serikali yetu. Mfumo uliojengwa kwa fedha zenu na usiofikiwa na kijana asiyeona wa Mbagala unakwenda kinyume na ahadi ya pande zote mbili zilizotia saini.

Nisieleweke vibaya. Siombi ushirikiano upungue, naomba ushirikiano mzuri zaidi. Mtu yeyote anayeuza huduma ya intaneti Dar anajua kwamba peke yetu hatuwezi. Mkongo wa SEACOM, waya wa intaneti unaopita chini ya bahari, ulifika hapa mwaka 2009, mwingine wa EASSy ukafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, na bei yake ilikuwa ya wachache. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaosambaza mawasiliano hadi mikoani, ulijengwa kwa mkopo kutoka China. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 kwa ajili ya mradi wa Tanzania ya Kidijitali. Na Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya SEACOM na EASSy ilipopata hitilafu baharini upande wa kusini mwa Afrika, sisi huku tulikaa tunatazama duara likizunguka kwenye kioo. Nyaya zilizokatika zilikuwa mbali sana na Kigamboni, lakini duka la Mbagala lilisimama. Nilielewa siku ile kuliko siku nyingine yoyote kwamba mawasiliano ni mali tunayoimiliki na wenzetu, na yakiharibika yanatengenezwa kwa kushirikiana.

Lakini tazameni fedha nyingi zimekwenda wapi: nyaya, minara, vituo vya kuhifadhia data. Yote hayo tulikuwa tunayahitaji. Sasa tazameni tatizo lililobaki liko wapi. GSMA, chama cha kimataifa cha kampuni za simu, kilieleza mwaka 2024 kwamba asilimia 4 tu ya watu duniani wanaishi mahali ambako intaneti ya simu haifiki kabisa, na asilimia 39 wanaishi mahali ambako inafika lakini hawaitumii. Sisi watu wa Mbagala tumo humo kwenye hao 39. Minara tunayo, ukitoka nje unaihesabu. Mtu anaishi chini ya mnara na bado fomu anajaziwa.

Wanazuiwa na nini? Bei ya simu janja, kwanza. Ya pili ni bando, ambalo kwa mama anayeuza mihogo linashindana na unga. Kuna nyumba ambazo simu ni ya baba, na mama huishika kwa ruhusa. Halafu lugha. Hili la lugha linaniuma zaidi kwa sababu halihitaji hata senti ya kununulia kifaa.

Mwezi Agosti 2019, hapa hapa Dar es Salaam, wakuu wa nchi za SADC, jumuiya ya maendeleo ya nchi za kusini mwa Afrika, walikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne ya jumuiya hiyo. Mwaka 2021 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikakipa hadhi ya lugha rasmi, na UNESCO ikaitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakikubali kuwa lugha ya kazi. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini fungueni leo fomu nyingi za huduma za umma, mkosee kidogo tu tarehe ya kuzaliwa, mwone maandishi mekundu yanayotokea yameandikwa kwa lugha gani. Mzee wa Mbande aliyesoma madrasa na shule ya msingi, anayesoma gazeti la Kiswahili bila miwani, anaonekana hajui kusoma mbele ya mfumo wa serikali yake. Mjenzi wa mfumo, awe ametoka Bangalore au Helsinki, hana kosa, alijenga alichoagizwa. Agizeni Kiswahili, na kiandikwe na watu wanaokizungumza, kisha kipitiwe na BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa.

Najua tunaweza, kwa sababu tumeshaweza. Mwezi Novemba 2012 Wizara ya Afya na washirika wake, wakiwemo Wamarekani, walianzisha kampeni ya Wazazi Nipendeni. Mama mjamzito alituma neno MTOTO kwenda namba 15001, bila malipo, kwa simu yoyote ile, na akawa anapokea ujumbe wa Kiswahili unaoendana na umri wa mimba yake: lini aende kliniki, dalili gani za hatari, ajiandae vipi kujifungua. Haikuhitaji bando wala simu ya kioo. Wanawake wa mtaani kwetu waliusoma ujumbe ule wenyewe, na wasiojua kusoma walisomewa na watoto wao. Aliyeubuni aliuanzia kwa mama, ndipo akatafuta teknolojia ya kumfikia.

Chukueni na pesa za simu. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, ikafuatiwa na za mitandao mingine, na kwa muda ilikuwa taabu: pesa ya mtandao huu haiingii kwa urahisi kwenye mtandao ule, watu wakatembea na laini tatu. Mwaka 2014 kampuni zikaanza kukubaliana kutumiana pesa moja kwa moja, huku IFC, tawi la Benki ya Dunia linaloshughulika na sekta binafsi, ikiwa mezani kuwasaidia kupanga kanuni, na Tanzania ikawa ya kwanza Afrika kufanya hivyo. Leo muuza mchicha wa soko la Rangi Tatu haulizi mteja wake yuko mtandao gani. Jambo hilo lilifanikiwa kwa kuwa lilipita kwenye kitochi na lilikuwa na wakala kila kona, mtu wa mtaani anayejulikana jina, wa kukuelekeza ukikwama.

Mradi ninaoupenda kuliko yote ni Ramani Huria, wa kuchora ramani za mitaa yetu. Tandale na mabonde ya Msimbazi mnayajua. Mvua za masika zikishuka, watu wanapandisha magodoro juu ya meza. Kwenye ramani za kawaida sehemu kubwa ya mitaa ile ilikuwa tupu, kana kwamba hapaishi mtu. Mwaka 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, Benki ya Dunia, Chama cha Msalaba Mwekundu na wachoraji wa kujitolea wa OpenStreetMap, ramani huria ya dunia ya mtandaoni, waliingia mitaani wakiwa na wakazi na viongozi wa mitaa. Walipita uchochoro kwa uchochoro na simu mkononi. Wakazi ndio waliowaambia: mfereji huu umeziba, hapa maji hufika kiunoni, njia hii gari ya zimamoto haipiti. Ndege zisizo na rubani zilipiga picha kutoka juu, lakini picha ya juu haiwezi kukuambia maji hufika wapi. Hilo analijua mama mwenye nyumba.

Na ramani yenyewe iliwekwa wazi kwa kila mtu. Mgeni hakuondoka nayo. Vijana waliojifunza kazi ile wengine waliendelea nayo, likazaliwa shirika la Watanzania wenyewe, OpenMap Development Tanzania. Mwaka 2018 mkutano wa dunia wa wataalamu wa programu huria za ramani ulifanyika hapa Dar. Wageni walileta mbinu na fedha, wenyeji tukaleta ujuzi wa mahali, na mwishoni kazi ikabaki mikononi mwa watu waliopo. Ushirikiano ninaousema ni wa namna hiyo.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mfano mwingine ambao haupati sifa unazostahili. Kwa miaka mingi wataalamu wake wameshirikiana na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, kwenye DHIS2, mfumo wa taarifa za afya ambao sasa unatumika katika nchi zaidi ya 70. Msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda programu, uko wazi. Kikihitajika kitu kipya, Mtanzania anaweza kukiandika hapa hapa bila kusubiri tiketi ya ndege ya mtaalamu.

Nawakumbusha haya kwa sababu mwaka 2025 sote tumeona jinsi misaada inavyoweza kukoma ghafla. Marekani ilisitisha misaada yake mwezi Januari, na kufikia Julai shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Siko hapa kuilaumu serikali ya watu wengine. Fedha ni zao. Ninachosema ni kwamba mradi ambao ujuzi wake, leseni zake na seva zake ziko kwa mfadhili, mfadhili akiondoka unakufa, na mwananchi aliyekwisha kuuzoea anabaki hewani. Kwa hiyo kipengele changu kina mkia: msimbo ubaki nchini, na wawepo Watanzania wenye uwezo wa kuutengeneza kabla mfadhili hajafunga virago.

Nimewahi kuambiwa na mtu wa miradi kwamba kitochi kinakufa, miaka michache ijayo kila mtu atakuwa na simu janja, kwa hiyo hakuna haja ya kuhangaika na menyu za nyota na reli. Namheshimu, lakini maneno yake hayakubaliani na ninachokiona kaunta. Simu janja nyingi zinazowekwa juu ya kaunta yetu zimepasuka kioo, zimejaa mpaka haziwezi kupokea programu mpya, na hazina bando. Mwenye nayo anaitumia kama kitochi. Serikali yenyewe inayo menyu ya *152*00#, kazi nzuri ya vijana wetu wa Serikali Mtandao, na inapatikana kwa simu yoyote. Wekeni humo huduma nyingi zaidi, zikamilike humo humo, badala ya kumfikisha mtu katikati kisha kumwambia aende kwenye tovuti. Ongezeni muda wa menyu ili anayesomewa na simu amalize kusikiliza. Na TCRA ikae na kampuni za simu wakubaliane kwamba tovuti za huduma za msingi za umma zifunguke hata salio likiwa sifuri. Mtu asilipie bando ili kuomba cheti cha kuzaliwa cha mwanawe.

Kuna njia nyingine ambayo naona mnaipita bila kuitazama, nayo ni sauti. Mbagala ni mji wa watu wa Kusini. Mabasi ya Lindi na Mtwara yametuletea Wamakonde, Wamwera na Wangindo, wakakuta Wazaramo na Wandengereko. Wapo wazee wengi wenye maneno mazuri ambao kalamu hawakuishika sana. Mzee wa aina hiyo mwambie apige simu, aseme shida yake kwa Kiswahili, ajibiwe kwa Kiswahili, atapata huduma siku hiyo hiyo. Mashine ya kusikia Kiswahili inafundishwa kwa sauti za watu. Mozilla, kwa msaada wa Ujerumani, Uingereza na Taasisi ya Gates, walianza mwaka 2021 kuongeza nguvu ya kukusanya sauti za Kiswahili kwenye mradi wao wa Common Voice, na zinazokusanywa ziko wazi kwa yeyote. Kwa nini Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo zisikae pamoja na kuufanya mradi wa namna hiyo kuwa wa kwao? Zirekodiwe sauti za wazee wasio na meno, wavuvi wa Kimbiji, wanawake wa Temeke wanaoongea haraka, watu wenye kigugumizi. Tusipofanya hivyo, mashine itaelewa Kiswahili cha watangazaji tu, na mzee wa Kusini ataambiwa na simu kwamba hajaeleweka.

Viziwi nao wasisahauliwe. Lugha ya Alama ya Tanzania ni lugha kamili, na video fupi ya maelekezo kwa lugha hiyo haina gharama ya kutisha.

Sasa nizungumze kuhusu sisi wenye steshenari, kwa kuwa nina maslahi na sitayaficha. Huduma zikiwa rahisi, sehemu ya kipato chetu itaondoka. Iondoke. Lakini mabadiliko hayatakuja kwa siku moja, na watakaohitaji kushikwa mkono wataendelea kuwepo: mjane anayefuatilia mirathi, mkulima aliyeshuka kutoka Rufiji, mtu ambaye mikono yake inatetemeka. Tutambueni. Pesa za simu zilipata mawakala waliosajiliwa, waliofundishwa, wenye bango na orodha ya bei ukutani. Fanyeni hivyo kwa steshenari: mafunzo mafupi ya namna ya kulinda taarifa za mteja, kiapo, namba ya usajili, bei iliyobandikwa mlangoni, na adhabu kwa anayetumia neno la siri la mtu. Fedha za mafunzo hayo ni ndogo mno zikilinganishwa na bajeti ya warsha moja ya siku tatu kwenye hoteli ya ufukweni. Nimealikwa kwenye warsha moja ya aina hiyo. Watu walizungumza vizuri sana kuhusu wananchi wa kipato cha chini, na ukumbini sikumwona hata mmoja aliyekuja kwa mguu.

Kwa hiyo majaribio ya mifumo yatoke ukumbini. Kabla ya kuilipa kampuni awamu ya mwisho, mfumo uletwe Mbagala, Gongo la Mboto, Tandale na Kimbiji. Wachaguliwe watu wa kawaida, wawemo wasioona, wawemo wazee, wawemo wanawake ambao simu si zao. Wapewe kazi moja tu: ombeni huduma hii mpaka mwisho. Mtaalamu akae pembeni, asiguse simu. Watakaoshindwa waulizwe walishindwa wapi, mfumo urekebishwe, urudishwe tena. Walipwe kwa muda wao kama mnavyowalipa washauri. Na matokeo yabandikwe kwenye ofisi za kata, si kwenye ripoti pekee.

Mwezi Septemba 2024 nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zilipitisha mjini New York Mkataba wa Kidijitali wa Kimataifa, zikaahidi kuziba pengo la kidijitali kwa pamoja. Ahadi hiyo sasa inahitaji kushuka kwenye mikataba midogo, ile yenye viambatisho vya bei na tarehe za malipo, kwa sababu huko ndiko mfumo unakopata sura yake. Ndiyo maana naomba neno moja la mwisho: kila mkataba wa teknolojia unaosainiwa kwa jina letu utolewe muhtasari wake kwa Kiswahili ndani ya mwezi mmoja, ukieleza fedha ni kiasi gani, nani anajenga, msimbo utabaki wapi, na kipengele cha mwenye kitochi na asiyeona kimeandikwaje. Muhtasari huo mkiutoa, sisi wenye steshenari tutauchapa kwa gharama zetu na kuubandika mlangoni, wateja wausome wakiwa kwenye foleni.

Nasubiri majibu yenu, nayo naomba yawe ya wazi kama ilivyo barua hii.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwenye steshenari,
Mbagala, Dar es Salaam